Macho au mato: jinsi Kiswahili cha shule kilivyochaguliwa

Kiswahili kinachosomeshwa shuleni leo, kuanzia Kigoma hadi Lamu, kilichaguliwa Mombasa mwezi wa Juni 1928. Waliokichagua walikuwa maofisa wa elimu na wamisionari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Katika kikao hicho lahaja ya mjini Unguja, yaani Kiunguja, ilifanywa msingi wa vitabu vyote vya shule, na Kimvita, lahaja ya mji uleule uliowakaribisha wajumbe, kikawekwa kando. Juni 2028 uamuzi huo utatimiza miaka 100. Hadi sasa umezungumzwa zaidi na wataalamu wa isimu kuliko walimu wanaouishi kila siku wakiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Kusoma na kuandika hakukuletwa Pwani na shule za kikoloni. Karne nyingi kabla yake mtoto wa mji alipelekwa chuoni, akakalishwa mkekani na ubao wake, akaanza na alifu, akaijua bee kwa nukta yake moja ya chini, akaendelea hadi yee. Aliyehitimu aliweza kuandika barua, hati ya kuuza shamba au utenzi kwa Kiswahili chake mwenyewe kwa herufi za Kiarabu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, yalihifadhiwa vifuani mwa watu na kwa hati hizo. Herufi zenyewe zilikuwa na upungufu, kwa kuwa Kiarabu hakina p wala ch, na kila mwandishi alizipatia dawa kwa namna yake. Hata hivyo watu waliandikiana na kuelewana.

Herufi za Kilatini ziliingia na wamisionari. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kiingereza cha CMS, alifika mwaka 1844 akaweka makazi Mombasa na Rabai. Alikisoma Kimvita, na kamusi yake kubwa ilichapishwa London mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Upande wa Unguja Edward Steere wa chama cha UMCA alichapa mwongozo wake wa Kiunguja mwaka 1870 na kuweka kanuni iliyoshinda zote za baadaye, kwamba irabu zisomwe kama za Kitaliano na konsonanti kama za Kiingereza. Mwenzake A. C. Madan alifuata na kamusi mbili, ya mwaka 1894 na ya mwaka 1903. Kwa hiyo kabla serikali yoyote haijaamua lolote kulikuwa na kambi mbili, kila moja na kamusi, vitabu vya dini na matbaa yake. Wajerumani walikitumia Kiswahili katika shule zao za serikali na katika kazi za maakida. Walipoondoka, waliiacha Tanganyika ikiwa na makarani waliozoea kukisoma na kukiandika kwa herufi za Kilatini, na Kiswahili chao kilielekea zaidi upande wa kambi ya Unguja.

Waingereza walipoikamata Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, tatizo lilikuwa la fedha kuliko la lugha. Mchapishaji wa London hakuwa tayari kuchapa kitabu kimoja cha kusomea mara tatu kwa tahajia tatu, kwa shule zisizo na fedha za kukinunua. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, ilikwishasisitiza mtoto aanze kwa lugha anayoielewa. Oktoba 1925 Gavana Donald Cameron aliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam, na hapo hoja ya Kiswahili kimoja cha vitabu ikapata wenyewe. Lililobaki ni kuamua Kiswahili kipi.

Hilo ndilo lililowapeleka wajumbe Mombasa. Profesa Carl Meinhof wa Ujerumani, bingwa wa lugha za Kibantu wa zama zile, alihudhuria ili kushauri. Kambi ya Mombasa ilikuwa na hoja nzito. Kimvita kilikuwa lugha ya ushairi wenye kina. William Taylor wa CMS alikuwa amekwisha kukusanya tungo za Muyaka na methali za Waswahili kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, mshairi na mjuzi wa lugha wa Mombasa, na kazi hiyo ilimwonyesha kila mwenye macho kwamba hiki si kilugha cha sokoni. Tena Kimvita hutenganisha sauti ambazo masikio ya wageni hayazisikii. Paa la nyumba hutamkwa kwa p kavu, na paa wa porini kwa p yenye pumzi. Kaa la moto na kaa wa baharini hutengana vivyo hivyo. Taylor alibuni alama za kuonyesha tofauti hizo. Katika tahajia iliyokuja kutawala maneno hayo yote yanaandikwa sawasawa, na msomaji anaachiwa ahukumu kwa muktadha.

Kambi ya Unguja ilijibu kwa ramani. Misafara ya pembe iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, hata kuvuka ziwa hadi Kongo, ilikuwa imekisambaza Kiswahili cha Unguja. Kiswahili cha Mombasa kilitamba zaidi pwani yake na bara iliyo karibu. Tanganyika ilikuwa nchi kubwa kati ya zote nne, na vitabu vyake vilifuata Steere. Kwa hesabu ya wasomaji wa kesho Kiunguja kilikuwa kimeshinda kabla kikao hakijafunguliwa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa biashara ya vitabu. Hakuna aliyepima gharama yake kwa mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa.

Gharama hiyo huonekana vizuri darasani. Panapo ch ya Kiunguja, Kimvita mara nyingi kina t ya meno. Panapo nj kina nd. Macho ni mato, njia ni ndia, kuchinja ni kutinda. Mtoto wa Mvita anaporudi nyumbani na kuambiwa na nyanya yake “ndoo”, anaitwa aje. Mwalimu aliyefundishwa Kiswahili cha vitabu akilikuta neno hilo katika insha, huona chombo cha kuchotea maji. Mtoto huyohuyo akiandika kwamba dada yake “aliteka”, akikusudia alicheka, mwalimu anaridhika: ndoo ipo na maji yametekwa. Sentensi imeeleweka barabara na maana imepotea yote. Yakija majibu ya imla, mato na ndia hupigwa mkwaju mwekundu, na mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kuzaliwa hupata alama chini ya mwenzake wa bara aliyekijulia shuleni. Watu wa Mombasa wamelisimulia jambo hili kizazi baada ya kizazi, wakati mwingine kwa kicheko, mara nyingi kwa uchungu.

Ili kuusimamia uamuzi wa 1928, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi rasmi tarehe 1 Januari 1930, makao yake Dar es Salaam. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, ofisa wa elimu wa Tanganyika. Ilipewa kazi ya kusawazisha tahajia na sarufi, kutunga kamusi, kushauri waandishi na kupitia miswada. Silaha yake kuu ilikuwa ithibati. Kitabu cha Kiswahili cha shule kilisomwa kwanza na wasomaji wa Kamati, kikasahihishwa, kisha kikapewa kibali kilichochapwa ndani yake. Mwandishi aliyetaka soko la shule hakuwa na njia ya kuikwepa. Johnson mwenyewe hakukaa kitako. Alifasiri riwaya za Kiingereza, zikiwemo Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, akatoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935, na kazi zake juu ya kamusi za Madan zikatoka mwaka 1939 kama kamusi sanifu za Kamati, miaka miwili baada ya kifo chake.

Mtu anayezisoma leo tafsiri hizo hukuta Kiswahili kilichonyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Hakuna kosa la sarufi, na harufu ya kilinge haimo. Hilo si ajabu, kwani wenye lugha walikaa nje ya mlango kwa muda mrefu. Wajumbe Waafrika walianza kuhudhuria vikao vya Kamati miaka ya 1940 tu, wakati kanuni nyingi zilikwisha kukauka. Shaaban Robert wa Tanga, ambaye baadaye alikuwa mmoja wao, alionyesha kwa vitabu vyake kwamba Kiswahili sanifu kinaweza kubeba uzuri kikishikwa na mwenye nacho.

Kamati ilipokuwa changa lilizuka gomvi jingine, safari hii kati ya wamisionari wenyewe. Karl Roehl, Mjerumani aliyekuwa akifasiri Biblia, aliona Kiswahili cha Pwani kimejaa Kiarabu kupita kiasi, na kwamba Wakristo wa bara wastahili lugha iliyorudishwa kwenye Ubantu wake. Gerald Broomfield wa UMCA alimjibu katika jarida la Africa mwaka 1931. Hoja yake ilikuwa kwamba neno lililokwisha kuingia vinywani mwa watu ni la kwao, liwe limetoka wapi. Biblia ya Roehl ilitoka mwaka 1937 ikapata wasomaji wake, lakini vitabu vya shule vilibaki upande wa Broomfield, na kitabu, hesabu, habari na elimu vikabaki navyo.

Makao ya Kamati yalihamahama: Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952. Uhamisho huo wa pili una kichekesho chake. Uganda ilikuwa imekipinga Kiswahili tangu mapema. Kabaka Daudi Chwa alikwisha kuandika kukikataa mwaka 1929, na mwaka uleule wa 1952 serikali ya Uganda ilikiondoa katika orodha ya lugha zinazotambuliwa shuleni. Wasimamizi wa Kiswahili cha shule wakawa wanafanya kazi katika nchi ambayo shule zake hazikifundishi. Nchini Kenya nako, Tume ya Binns mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilipendekeza Kiswahili kisifundishwe kote, kwa hoja kwamba kinabana lugha za wenyeji na Kiingereza. W. H. Whiteley, aliyeitumikia Kamati miaka hiyo na kuiandikia historia mwaka 1969, anaisimulia kama kazi ya ofisi iliyopungukiwa fedha daima. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala waliiangalia kutoka upande wa pili wa meza. Historia yao ya Kiswahili ilitoka mwaka 1977, wote wawili wakiwa wamekwisha kufariki.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda haraka. Kamati iligeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka 1964. Mwaka 1967 Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Taasisi ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kenya ilikifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Uganda ilizunguka ikarudi mwaka 2022, pale baraza lake la mawaziri lilipoamua kifundishwe kwa lazima.

Miaka ya karibuni masahihisho yamekuwa ya mitaala kuliko ya lugha. Tanzania ilileta mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, baada ya malalamiko kwamba watoto wanamaliza shule hawajui kusoma, na mitaala mipya ikaanza kutumika Januari 2024. Kenya nayo iliingia mtaala wa umilisi mwaka 2019. Kila nchi ina taasisi yake ya kupitisha vitabu, na kikao kimoja cha kusoma miswada ya nchi zote hakipo tena. Kamati ya mwaka 1930 ilikuwa na makosa mengi, lakini hilo walau ilikuwa nalo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Unguja, na kazi hiyo ingeistahili.

Si kwamba Kiunguja kiondolewe madarasani. Kitabu kilichochapwa Dar es Salaam kinasomeka Kisumu na Bujumbura kwa sababu ya uamuzi ule, na hakuna anayetaka kurudi kwenye tahajia tatu. Lakini mitaala yote hii, ya zamani na mipya, imelibakisha lile la Mombasa kama lilivyokuwa: mato bado ni kosa la imla. Mwalimu haelezwi kwamba ni lahaja yenye kanuni zake, na mtoto haambiwi kwamba nyanya yake hajakosea.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya miswada ya Kiswahili iliyokusanywa kwa juhudi za J. W. T. Allen, orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Mingi ni ya tenzi na mashairi ya Lamu, Pate na Mombasa, yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kwa lahaja ambazo mkutano wa 1928 uliziacha. Mwanafunzi aliyepata A katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne, akifunguliwa mojawapo ya miswada hiyo, hawezi kusoma mstari wa kwanza.