Koffi Olomide na wachezaji wake: habari za muziki ziandikwe namna gani?

Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Inchi zote mbili za Kongo zilishangilia, nasi vilevile. Lakini siku moja mbele yake, tarehe 13, tribinali ya rufaa ya Versailles, katika Ufaransa, ilikuwa imemhukumu mmoja wa waimbaji wakubwa wa inchi yetu. Habari hizo mbili zilifuatana kama mabehewa ya gari moshi moja, walakini wengi walitazama moja tu.

Koffi Olomide hana haja ya kuelezwa sana. Alizaliwa mwaka 1956 huko Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville zamani zile. Mwaka 1986 aliunda orkestra yake, Quartier Latin. Mwaka 2000 alijaza watu katika nyumba kubwa ya Bercy, mjini Paris. Hapa Kamina nyimbo zake zimechezwa katika arusi nyingi, hata zile tulizobariki sisi wenyewe asubuhi.

Sasa tuje kwa mashitaka. Inapasa kuyaeleza kwa uangalifu, kwani amri ya nane inamlinda kila mtu, mwenye sifa na asiye nayo. Wanawake wanne waliokuwa wachezaji wake walisema kwamba kati ya 2002 na 2006, wakati wa safari za kazi, aliwafungia katika nyumba karibu na Paris, tena aliwashika kwa nguvu kimwili. Yeye alikana. Mwaka 2019 tribinali ya Nanterre ilimhukumu kifungo cha miaka 2, bila kuingia gerezani, kwa kosa la kimwili juu ya mmoja wao aliyekuwa msichana wa miaka 15 wakati ule. Mambo yakapelekwa mbele ya waamuzi wa Versailles. Hao walimwondolea makosa ya kimwili, lakini walimwona mwenye hatia ya kuwafungia wanawake hao: miezi 18, bila gereza vilevile, pamoja na malipo kwao. Basi anayesema, «Ametakaswa», hasemi kweli yote. Na anayesema, «Alihukumiwa Versailles kwa kunajisi», anamsingizia.

Mwaka 2012 tribinali ya Kinshasa ilikuwa imemhukumu kwa kumpiga mtu aliyetengeneza muziki pamoja naye. Mwaka 2016, Nairobi, picha zilionyesha akirusha teke kwa mwanamke katika uwanja wa ndege. Kenya ikamrudisha kwao.

Wanaoandika habari za muziki huweka mambo hayo mwishoni, kama doa katika nguo safi. Sisi twaona hapana. Orkestra kubwa ya Kongo ina mkuu mmoja: ndiye anayechagua atakayesafiri, ndiye anayelipa au kutolipa. Msichana aliyefika Ulaya kwa safari ya namna hiyo, pasipo ndugu, pasipo fedha, angekwenda wapi? Na bila wachezaji hakuna Bercy. Kwa hiyo ushuhuda wa wanawake wale si habari ya kando. Unatuonyesha muziki wenyewe ulivyofanyika.

Wengine husema: wimbo haukosi. Ndiyo, wala hatuombi mtu achome sahani zake. Lakini sifa ya wimbo imekuwa mara nyingi ukuta wa kumficha mwenye wimbo, na kwetu Kanisani sifa ya utakatifu ilifanya kazi ile ile. Jean Vanier aliheshimiwa duniani kote. Alikufa mwaka 2019, na mwaka 2020 L'Arche, chama alichokianzisha mwenyewe, ilitangaza kwamba aliwadhulumu wanawake wasiopungua 6.

Mwaka ule wa 2019 Papa Fransisko, katika barua Vos estis lux mundi, aliagiza kila jimbo liwe na njia wazi ya kupokea mashitaka, hata juu ya wale wanaotumia vibaya mamlaka yao. Mwalimu wa kwaya naye ana mamlaka: ndiye anayesema nani ataimba peke yake, nani ataachwa siku ya safari ya Lubumbashi. Katika parokia nyingi binti anayeonewa na mwalimu huyo hajui bado amwendee nani.