PICHA ZA TAU KWENYE UBONGO: TUZIAMINI KIASI GANI?

Wadau, tau ni protini iliyomo kwenye seli za ubongo wa kila mtu. Kwa mgonjwa wa Alzheimer inajisokota na kurundikana kama nyuzi zilizopigana mafundo. Zamani mafundo hayo yalionekana kwa darubini tu, mtu akishafariki. Mei 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya mionzi ya flotausipiri, sokoni inaitwa Tauvid. Unadungwa kwenye mshipa, unasubiri kama dakika 80, halafu mashine ya PET inapiga picha.

Kabla ya hapo picha za wagonjwa mahututi zililinganishwa na ubongo wenyewe baada ya kifo. Tau ikiwa imeenea sana, picha inaiona. Ikiwa ndio kwanza inaanza, inaweza kuikosa. Kwa hiyo picha safi haimaanishi tau haipo!

Sasa kufuatilia mwaka hadi mwaka ndio kasheshe. Dawa inanasa hata pasipo na tau, mfano kwenye rangi nyeusi ya shina la ubongo. Halafu mtu yuleyule akipigwa picha mbili ndani ya wiki chache, namba hutofautiana kwa asilimia chache, na ongezeko la tau la mwaka mzima nalo ni asilimia chache tu. Akitikisa kichwa, mahesabu yanavurugika zaidi.

Mimi naona kwa utafiti wa mamia ya watu inafaa, makosa yanafidiana. Ila kama ni bibi yako, na daktari anataka kuendelea au kuacha dawa kwa sababu "tau imepanda kidogo", muulize hicho kidogo ni ngapi, na mashine ni ileile?