Elimu, Ufundi na Riziki: Habari za Waislamu wa Uganda

Kikagate, kando ya mto Kagera, ni mahali palipojua kazi tangu zamani. Katika enzi ya Waingereza bati lilichimbwa katika milima ya huko, na maji ya mto yakatumiwa kuzalisha umeme kwa ajili ya migodi, hata mtambo ule ukaharibiwa katika vita vya mwaka 1979. Mgodini watu huwa wa namna mbili: mwenye nguvu tupu, na mwenye nguvu pamoja na ujuzi. Wa kwanza hubeba udongo. Wa pili huendesha mashine au hushika daftari. Jua linalowachoma ni moja, lakini ujira wao si mmoja.

Tofauti hiyo ndiyo iliyowapata Waislamu wa Uganda kwa muda mrefu. Jambo la ajabu ni kwamba kusoma na kuandika kuliingia Buganda kwa herufi za Kiarabu, zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka pwani kabla ya wamisionari wa kwanza kufika mwaka 1877. Lakini baada ya vita vya dini na Mapatano ya mwaka 1900, shule zilikuwa mikononi mwa misheni. Mzazi Mwislamu aliogopa kumpeleka mwanawe huko, asije akabatizwa na kubadilishwa jina. Basi mtoto alibaki katika chuo cha Kurani, akahifadhi dini yake, lakini hakupata cheti cha kumwingiza ofisini. Wengi wakashika biashara ndogo, uchinjaji wa nyama na udereva. Kazi hizo ni za halali, na zimelea watoto wengi. Ila mlango wa ukarani, ualimu na utabibu ulikuwa mwembamba mno kwao.

Mwaka 1936 kiliundwa Chama cha Elimu cha Waislamu wa Uganda, naye Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu akawa nguzo yake, akatoa ardhi yake ya Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule. Mwaka 1945 Aga Khan wa Tatu alianzisha mjini Mombasa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa ahadi iliyo wazi: kila shilingi itakayochangwa na Waislamu wenyewe itaongezewa shilingi nyingine. Hekima ya ahadi hiyo yafaa kuangaliwa. Haikuwa sadaka ya kumlaza mtu. Mji usiochanga haukupata kitu. Mji uliochanga uliona mchango wake ukiwa maradufu, na watu wake wakailinda shule kama mali yao.

Kwa ufundi, Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa kilifunguliwa mwaka 1951 kwa fedha za Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wengineo, ili kijana Mwislamu wa Afrika Mashariki ajifunze kazi za mikono zenye mshahara. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Nchini Uganda, baada ya uhuru wa mwaka 1962 Serikali ilizitia shule za misaada chini ya usimamizi wake, na hofu ya wazazi ikapungua. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kikafunguliwa Mbarara, karibu na nyumbani.

Hata hivyo, majengo peke yake hayasomeshi. Mtoto aliye dukani huleta senti leo. Aliye shuleni huleta gharama leo na faida kesho. Mzazi maskini hulazimika kuchagua, na mara nyingi binti ndiye wa kwanza kutolewa.

Nakivale, iliyopokea wakimbizi wa Rwanda tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadaye Wakongo, Warundi na Wasomali, yatoa fundisho lililo wazi. Sheria ya mwaka 2006 imempa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi. Lakini ruhusa si ujuzi. Aliyekimbia na ng'ombe huweza kunyang'anywa njiani. Aliyekimbia na ufundi wa kushona, kujenga au kufundisha huufungua mzigo wake popote afikapo.

Waliotangulia walichanga shilingi zao wakiwa na kidogo. Deni lao hulipwa kwa kumwacha mtoto, wa kiume na wa kike, amalize masomo yake. Wabillahi taufiki.