Sadaka ya Vyuma

Ndugu msomaji, ukisikia fulani kaacha wakfu, wafikiria nini? Msikiti, kisima, pengine shamba la minazi la kuwalisha mayatima. Mashine ya kukereza vyuma haikujii kichwani hata kidogo. Basi hapa petu Mombasa, pale Tudor, wazee walitoa mali yao ili vijana wajifunze ufundi, na ndicho chanzo cha Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Ilikuwa baada ya Vita Vikuu vya Pili. Gavana Philip Mitchell alitaka Waislamu wa Afrika Mashariki wapate chuo cha ufundi. Haya, wazo ni wazo, lakini pesa? Aga Khan wa Tatu alitoa pauni 100,000. Sultani wa Unguja, Seyyid Khalifa bin Harub, akatoa fungu lake. Mabohora wakachanga, serikali ya kikoloni nayo ikatia mkono. Ardhi aliitoa Sheikh Khamis bin Mohamed bin Juma Mutwafy.

Hebu tutue hapo. Sultani alikuwa Ibadhi. Aga Khan alikuwa imamu wa Maismailia. Mabohora wana Dai wao. Hawa hawasali nyuma ya imamu mmoja, na mambo ya kuozana ndiyo usiseme! Lakini pesa zao ziliingia kapu moja. Mimi ninayehangaika na riwaya yangu ya kwanza, ningelibuni jambo hili wangeniambia nimetia chumvi.

Chuo kikaitwa MIOME, yaani taasisi ya elimu ya Kiislamu, na wanafunzi wa kwanza wakaingia Mei 1951.

Sitawapamba wazee, la hasha. Jina lenyewe lilikuwa ua. Kijana wa Kigiriama au Kitaita asiyekuwa Mwislamu, hata awe na kipaji cha namna gani, alipita nje. Wako watakaosema mwenye chake ndiye apangaye. Sawa, lakini kipaji hakiulizi dini. Tena kuna jambo jingine: enzi hizo serikali iligawa shule kwa rangi, Wazungu zao, Wahindi zao, Waarabu zao, Waafrika zao, na waliopata makombo wajulikana. MIOME iliuliza dini, si rangi. Ua mmoja ukauvunja mwingine.

Mwaka 1966, uhuru ukiwa umeshapatikana, jina la Kiislamu likaondoka, kikawa chuo cha ufundi cha kila mtu. Mwaka 1972 kikawa Politekniki, 2007 chuo kikuu kishiriki, na 2013 chuo kikuu kamili.

Leo wanasomea pale uhandisi wa umeme, wa mitambo, wa ujenzi. Mimi karo ilinikwamisha baada ya sekondari, kwa hiyo huwa nawaangalia kwa kijicho kidogo. Juzi niliwauliza watatu langoni kama wanamjua Mutwafy. Wawili walitikisa vichwa. Wa tatu akaniuliza, "Ni yule mwalimu mpya wa hesabu?"