Dunga: Kijiji Kilichoegemea Mafunjo

Shika shina moja la mafunjo, lakini usilikate. Lina pembe tatu na ni jepesi ajabu. Wenyeji husukia mikeka; ndani ya mafunjo huishi pia ndege asiyepatikana kwa kawaida nje yake, mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa manjano. Husikika kabla ya kuonekana. Ukimtaka, panda mashua alfajiri, upepo haujaamka.

Wavuvi wa Kijaluo walitegemea samaki aitwaye ngege ufuoni hapa, karibu na Kisumu. Miaka ya 1950 sangara, hapa huitwa mbuta, alipandikizwa Ziwa Victoria. Alileta pesa, akawameza samaki wengi wa asili.

Kisha, miaka ya 1990, magugu maji yakaziba njia za mashua. Mwaka 1997 fukusi wanaoyala waliachiliwa hapa katika Ghuba ya Winam. Yalipungua, ila hurudi: majitaka na mbolea kutoka nchi kavu huyalisha.

Mafunjo huchuja sehemu ya uchafu huo, na samaki wadogo hujificha humo. Ndiyo maana kuyachoma au kuyakata ovyo hakutakiwi hapa.