Kinda Mkubwa na Mwaka wa Njaa

Juu ya mapaa ya Komarock, Nairobi, korongo marabuu hupita wakielekea jaa la Dandora. Dume na jike wamefanana manyoya, ila dume ana mwili mkubwa zaidi. Kwa ndege wa baharini, tofauti ya namna hiyo huweza kuamua ni kinda yupi atakayekufa njaa ikiingia.

Chukua shakwe mgongo-mweusi, ambao baadhi yao hukimbia baridi ya Ulaya na kuja Ziwa Viktoria. Kwao pia dume ndiye mkubwa. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliochapishwa 1999, majike waliondolewa mayai ili waendelee kutaga kupita kawaida. Nguvu zilipowaishia, walielekea kutaga mayai ya kike zaidi, na makinda wachache wa kiume walinusurika. Waliopewa chakula cha ziada hawakubadili uwiano wa jinsia. Naona jambo hili ni zito: umaskini wa mama humfikia mwana wa kiume kabla hajaanguliwa.

Marabuu naye hulea penye neema ya aina nyingine. Bahari hunyima ghafla, jaa hutoa mwaka mzima. Lakini kinda wa korongo hukuza mifupa mirefu, na madini ya mifupa hutoka zaidi kwa samaki, vyura na panya wazima kuliko mabaki ya jikoni. Ningekuwa mtafiti, ningewapima kwanza makinda wa kiume wa Dandora.

Kisiwani Isla Isabel, pwani ya Meksiko, mizani imepinduka. Kwa ndege wa baharini aitwaye bubi miguu-buluu, jike humzidi dume uzito kwa zaidi ya robo, na watafiti Roxana Torres na Hugh Drummond walikuta kwamba mabinti ndio wanaokufa zaidi kiotani. Basi udhaifu hauko katika kuwa dume wala jike. Uko katika gharama ya kujenga mwili mkubwa upesi. Jamaa za bubi hao huzaliana Fungu Kizimkazi, kusini-mashariki mwa Unguja.

Hata hivyo, ukubwa hausemi yote. Bubi wa kwanza kuanguliwa humdonoa mdogo wake hadi anyenyekee. Mkubwa akiwa wa kiume na mdogo wa kike, baada ya wiki kadhaa dada humpita kaka kwa umbo, na bado huendelea kumwinamia.