Kanisa la Parokia na Vyombo Vyake: Kila Kitu Mahali Pake na Maana Yake

Waamini wa Kyimo, kama wenzao wa vigango vingine vya Rungwe, wanajua gharama ya kujenga kanisa. Tofali, mchanga, mabati na jasho la jumuiya ndogondogo huonekana kwa macho. Lisiloonekana upesi ni sababu ya altare kuwa pale ilipo, tabernakulo kuwa na ufunguo, na kisima cha ubatizo kuwa cha kudumu. Katika makala haya tunaeleza mpangilio huo, ili tunapojenga au kukarabati tusiondoe kwa haraka kile ambacho Kanisa limekitunza kwa karne nyingi.

Asili ya mpangilio

Mengi tunayoyaona yalipata sura yake katika makanisa ya parokia ya Ulaya ya Enzi za Kati. Uingereza ni mfano mzuri, kwa kuwa maelfu ya makanisa ya vijiji ya wakati ule yangali yamesimama. Kanisa liligawanyika sehemu mbili: ukumbi wa waamini, na patakatifu penye altare, kwa kawaida upande wa mashariki. Kati yake palikuwa na kiambaza cha mbao kilichochongwa, na juu yake msalaba mkubwa wenye sanamu ya Kristo, Bikira Maria na Mtakatifu Yohane. Katika kanisa la Ranworth, jimboni Norfolk, kiambaza cha karne ya 15 chenye picha za watakatifu kipo hadi leo.

Kwa desturi ya huko, matengenezo ya patakatifu yalikuwa juu ya paroko, na ya ukumbi juu ya waamini wenyewe. Waamini walichagua wasimamizi waliotunza fedha na vyombo na kutoa hesabu mbele ya wenzao.

Urithi huo nchini kwetu

Wamisionari walikuja na urithi huo. Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, lilijengwa kanisa la kwanza mwaka 1872, na kubwa zaidi kati ya 1910 na 1914. Dar es Salaam, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya 1897 na 1902 kwa mtindo wa Kigothiki: mnara uliochongoka, matao yenye ncha na vioo vya rangi nyuma ya altare. Kwetu, eneo la kimisioni lenye jina la Tukuyu liliundwa mwaka 1932. Mwaka 1953 likawa Jimbo la Mbeya, na mwaka 2018 Jimbo Kuu. Makanisa yetu mengi ni ya tofali na bati, bila minara mirefu, lakini mpangilio wake wa ndani ni ule ule.

Altare na tabernakulo

Altare ni meza ya sadaka na ya karamu ya Bwana. Katika Enzi za Kati iliegemea ukuta wa mashariki. Leo inapendekezwa isimame mbali na ukuta, ili padre aweze kuizunguka na kuadhimisha akiwatazama waamini. Sheria ya Kanisa yataka altare itumike kwa ibada tu (kanuni 1239). Kwa hiyo si mahali pa kuwekea vipaza sauti, madaftari ya michango wala mizigo ya sherehe.

Tabernakulo iwe imara, isiyohamishika, isiyopenya mwanga, na yenye kufungwa (kanuni 938). Taa inayowaka karibu nayo hutuambia kwamba Bwana yupo.

Kisima cha ubatizo

Kila kanisa la parokia liwe na kisima cha ubatizo (kanuni 858). Huko Uingereza vilichongwa kwa jiwe. Katika Norfolk na Suffolk vimebaki vyenye pande nane, ambavyo pande saba zina michoro ya Sakramenti saba. Mwaka 1236 Mtakatifu Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza visima vifunikwe na kufungwa kwa kufuli, kwa hofu kwamba watu wangeiba maji yaliyobarikiwa kwa ajili ya uchawi. Onyo hilo halijazeeka. Maji ya baraka ni ishara ya imani na ya ubatizo wetu. Anayeyageuza kuwa dawa ya kuwatisha majirani ameacha imani na kushika ushirikina.

Picha na hatari ya kuzipoteza

Kuta za makanisa yale zilijaa picha: Hukumu ya Mwisho juu ya tao la patakatifu, Mtakatifu Kristofa mkabala na mlango. Waamini wengi hawakujua kusoma, picha ziliwafundisha. Kuanzia mwaka 1547, chini ya Mfalme Edward VI, picha zilipakwa chokaa na sanamu kuondolewa. Mwaka 1550 ikatolewa amri ya kubomoa altare za mawe. Kazi ya vizazi vingi, iliyolipiwa kwa michango ya wanavijiji, ilitoweka katika miaka michache.

Kwetu hatari haiji kwa amri ya mfalme. Huja kwa ndoo ya rangi mpya, au kwa sanamu ya zamani iliyotupwa stoo mpaka mchwa wakaila. Kanuni 1189 yataka picha na sanamu zenye thamani kwa umri, sanaa au heshima ya waamini zisikarabatiwe bila ruhusa ya maandishi ya Askofu.

Wajibu wetu

Tunapendekeza kila halmashauri ya parokia ifanye mambo matatu: iandike orodha kamili ya vyombo, sanamu na picha za kanisa, iwaulize wazee historia ya kila kimoja na kuiandika, na impelekee paroko mpango wowote wa ukarabati kabla fundi hajaitwa. Waliotutangulia walichanga katika umaskini wao. Kulitunza walilotuachia ni shukrani kwao, na ni katekesi kwa watoto wetu.